Muulize Shangazi: Ualimu, safari na kalamu

Swali: Shikamoo Shangazi. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Natamani kuwa mshauri wa tabia za watoto, nisafiri nchi za watu, tena niandike. Nyumbani wananiambia nichague moja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usichague, mimi zote tatu zimenilisha. Anza na daftari. Mtoto akivuruga darasa, usiandike "mkorofi". Andika kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Kule Ngamiani nilikuwa na kijana mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia), akijipiga kichwa kila siku, na watu wakisema ana mashetani. Daftari likaonyesha kwamba hujipiga pale rimu ya gari inapogongwa kuashiria mapumziko. Tukawa tunamwonyesha picha ya rimu mapema, kisha anatoka nje kabla haijagongwa. Akatulia! Ushauri wa tabia ndio huo, na mwandishi naye hujifunza hapo hapo kutazama kabla ya kuhukumu.

Vyeti navyo vinatakiwa. Ualimu wa elimu maalumu unasomwa chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, na shahada ipo Chuo Kikuu cha Dodoma.

Safari zitafuata, ila jiandae: hata lugha ya alama ya Marekani si ya Uingereza, sembuse mila za kulea. Ufikapo ugenini, kaa na mama wa mtoto kwanza, ndipo usome faili.

Ukiandika, majina ya watoto yafiche, na mzazi asome kabla hujachapisha. Hilo nakuomba sana. Nitumie makala yako ya kwanza.