Vyuma viwili, nyuzi nne
Kaka, umelalamika gitaa lako la besi, lenye vyuma viwili darajani (pale nyuzi zinapokalia mwilini), linakataa tyuni ukipanda shingo; huo si ubovu. Besi za kwanza za Fender, aina ya Precision, kuanzia 1951 hadi 1957, zilijengwa hivyohivyo: nyuzi nene za E na A zinakalia kipande kimoja darajani, D na G kingine. Zote nne hazitakaa sawa kabisa. Weka nyuzi mpya kwanza (zilizochoka zitakudanganya tu), kisha linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake (sauti inayolia ukigusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza). Noti ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha chuma nyuma, mbali na shingo. Kwa D na G, ipe G kipaumbele, ndiyo unayopanda nayo. E ikipotoka kidogo huko mbali, Jumapili kanisani nani anaipiga hapo? Fundi wa mjini asikutobolee daraja jipya kabla hujajaribu hivi.