Jina, hisa na dola: kwa anayeanza kuchambua vikwazo Nairobi

Ukiajiriwa na benki au shirika la misaada kuchambua vikwazo, usitarajie kushinda ukijadili Urusi na Iran. Mezani utakuta majina ya wateja, uyalinganishe na orodha za waliowekewa vikwazo.

Ya Kisomali ndiyo yatakayokutoa jasho. Tahajia yake huandika X pale sisi tunapoandika H, na C ambako sisi hatuandiki herufi yoyote: Xasan ni Hassan, Cabdi ni Abdi, Maxamed ni Mohamed. Ukitafuta kwa tahajia moja tu katika orodha ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa au ya OFAC, ofisi ya Hazina ya Marekani inayosimamia vikwazo, mhusika anaweza kukupita hivi hivi. Tena akina Abdi Hassan wa Eastleigh hawahesabiki, kwa hiyo usimzuie mteja kwa jina tupu. Linganisha jina la babu, namba ya pasipoti, alikozaliwa na lini. Tarehe 1 Januari usiitegemee. Mara nyingi hujazwa pale siku yenyewe isipojulikana.

Kwa kampuni, agiza CR12, hati rasmi ya usajili wa kampuni, kupitia eCitizen, mpya, uone wakurugenzi na wenye hisa. Mwenye hisa akiwa kampuni nyingine, endelea kupanda hadi umfikie mtu.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Kwa OFAC, walioorodheshwa wawili wakiwa na hisa asilimia 30 na 20, zinajumlishwa: zikifika 50, kampuni imezuiwa hata kama jina lake halimo orodhani. Sasa panda ngazi. Aliyeorodheshwa ana 50 ya kampuni A, na A ina 50 ya B. Wageni wa kazi hii huzidisha, wakapata 25, wakaipitisha B. Sivyo. A imeshazuiwa, basi hisa zake zote katika B zinahesabiwa, na B nayo imezuiwa. Angekuwa na 49 ya A, mnyororo ungekatika kwa Wamarekani. Waingereza bado wangeuliza nani hasa anaiendesha.

Mkubwa wako atasema sheria ya Marekani si ya Kenya. Ni kweli, lakini malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki ya Marekani, na huko ndiko yatakakokwama.

Ukifunga faili, "hakuna shida" si sababu. Andika hivi: "Pasipoti tofauti, mteja amezaliwa Garissa 1988, aliyeorodheshwa Kismayo 1969, orodha imepakuliwa leo saa tatu asubuhi."