Lord Henry alinikosanisha na binamu yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeanza The Picture of Dorian Gray, nimechoka kupigia mistari. Huyu Lord Henry kila akifungua mdomo natamani kuiweka stetasi. Wewe unamsomaje?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilimsoma vibaya, na faini nimelipa.

Miaka minane iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimeimaliza riwaya hiyo ya Oscar Wilde, nilijiona mjanja kuliko mtaa mzima. Kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, mwenyekiti wa kamati akaniomba niseme neno kabla ya kukusanya ahadi. Nikasimama na soda mkononi: "Wanaume huoa kwa kuchoka, wanawake huolewa kwa udadisi, na wote huambulia patupu." Kamati ikaangua kicheko. Shemeji mtarajiwa ndiye aliyekuwa akiandika ahadi daftarini. Kalamu ikasimama. Hakuinua uso.

Binamu hakunisemesha mwaka mzima, na kwenye picha za harusi nipo pembeni kabisa, bega limekatwa. (Mchango wangu walipokea, lakini.) Mpaka leo inaniuma.

Kosa langu? Niliokota maneno ya Lord Henry ya sura ya 4 nikamwacha msemaji mwenyewe. Nenda sura ya 19: mkewe, Victoria, keshatoroka na mwanamume anayejua kupiga Chopin kwenye piano, naye Lord Henry anakiri nyumba imepooza bila yeye. Ndoa aliyoifanyia mzaha ndiyo aliyokuja kuikosa! Tena Basil, yule mchoraji, alishamwambia mapema kwamba hasemi jema wala hatendi baya, ni mikogo tu. Aliyeyameza yale maneno ni Dorian, kijana aliyekuwa akimsikiliza, na kisu kilichomuua Basil kilishikwa na Dorian. Msemaji aliendelea kula chakula cha usiku kwa watu. (Tafuta toleo la 1891 lenye sura 20, lile la jaridani la 1890 lina 13, utapotea.)

Sasa ushauri. Msome Lord Henry kama unavyosoma kanga. Jirani akitoka na kanga mpya hatuishii kwenye jina lake; tunatazama kaivaa siku gani, kapita mlango wa nani. Anayelengwa naye haandiki insha. Anakwenda dukani kutafuta ya kujibu. Basi na wewe jibu: kauli moja, jibu moja, pembeni mwa ukurasa, kwa maneno yako.

Pia chungulia jikoni kwake. Mara nyingi anageuza methali tu. Waingereza husema kuahirisha mambo ni mwizi wa wakati. Yeye, mchelewaji wa makusudi, anasema mwizi ni kuwahi. Hata mimi naweza: haraka haraka ina baraka. Bodaboda ataitikia amina. Kamuulize muuguzi wa wodi ya mifupa.

Vijana wenzangu, tunapenda mno kusifiwa ulimi. Kabla hujairusha kauli, angalia nani yupo chumbani. Narudia: angalia nani yupo chumbani. Kicheko cha watu kumi na wawili hakikurudishii ndugu mmoja.

Nakala yangu imechakaa, jalada linashikiliwa na selotepu. Sura ya 4 bado ina ile mistari miwili ya wino mwekundu niliyoipiga kwa majivuno. Pembeni yake nimeongeza jina moja, kwa penseli: Victoria.