Nguzo za banda Tukuyu: zege ndiyo, lakini maji yapate pa kutokea

Kaka, umeuliza kama nguzo za mkaratusi za banda lako la ng'ombe hapo Tukuyu uzimwagie zege au ushindilie udongo tu. Kwa mvua za Rungwe na upepo unaong'oa mabati, mimi nasema zege. Ila usilitandaze chini ya nguzo likawa kama kikombe. Maji yakishuka humo hayatoki, na mti utaoza.

Chimba futi 3 hadi 4, weka kokoto inchi 6, simamisha nguzo juu yake, kisha mwaga zege pembeni. Linyanyue kidogo kupita ardhi na literemke kuelekea nje, maana nguzo huoza zaidi pale usawa wa ardhi.

Tafadhali sana, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, Mafinga zipo. Ukilazimika kukata, upande uliokatwa uende juu, kwa sababu dawa haifiki kwenye kiini. Pigilia misumari mirefu sehemu ya chini, nusu ibaki nje izame kwenye zege, upepo usije ukaichomoa nguzo.

Pima wima wa nguzo kwa timazi (uzi wenye uzito), iegemeze pande mbili isiyumbe, na usipandishe kenchi (fremu za paa) kabla ya siku 7.