Tumuulize Mwalimu: Semina ya michezo kwa nauli yangu, niende au nibaki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Kahama, Sanaa na Michezo darasa la tatu na la nne. Imetangazwa semina ya siku tatu ya walimu wa michezo, shule haina hela ya kunilipia, mkuu anasema nikitaka niende kwa nauli yangu na hiyo ruhusa yenyewe ataifikiria. Mwaka juzi nilienda semina kama hiyo nikarudi na cheti na begi, basi. Darasani nina watoto 84 na mpira mmoja. Niende kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Swali lako limenigusa maana hilo begi na mimi ninalo, tena zaidi ya moja. Niliwahi kukaa siku tatu nzima ukumbini tunasomewa slaidi kuhusu mazoezi, walimu wa michezo watu wazima tumekaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi mpaka chai ya jioni, hakuna aliyegusa mpira wala kuvua viatu. Niliumia sana siku ile, sababu nilikuwa nimeacha darasa bila mwalimu kwa ajili ya kukaa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti yako, pata ratiba, mpigie simu mratibu umuulize mambo mawili tu. La kwanza, je tutafundisha? Namaanisha kila mshiriki asimame aendeshe kipindi kifupi, wenzake wawe wanafunzi, halafu wamwambie ukweli. La pili, je mafunzo ni ya kufundisha watoto wote au ni ya uamuzi, yaani urefa, na kuandaa timu? Uamuzi ni mzuri, siupingi hata kidogo, lakini sisi tumezoea mno kudhani michezo shuleni ni kuchagua kumi na moja wa kwenda UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na hao 73 wanaobaki wanakuwa washangiliaji mpaka wanamaliza darasa la saba. Semina isiyomgusa huyo mtoto anayesimama pembeni ameshika sweta za wenzake, mimi nauli yangu sitoi.

Sasa ngoja nikuonyeshe semina nzuri inafananaje, maana nilishaipata moja na ndo iliyonibadilisha. Mwezeshaji alitupanga mstari, mpira mmoja, kila mtu apige golini akirudi akae nyuma, si ndivyo tunavyofanya wote? Akampa mwenzetu saa ahesabu. Hesabu yake ukiileta kwenye darasa lako inakuwa hivi: kipindi dakika 40, toa kubadilisha nguo na kutembea mpaka uwanjani zinabaki 30, kila mtoto atumie sekunde 10 kupiga, watoto 84 ni dakika 14. Maana yake kila mtoto anapata zamu mbili, sekunde 20 za kucheza katika kipindi kizima, kilichobaki ni kusimama juani na kusukumana. Na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za shughuli za kuchangamsha mwili kila siku! Nilinyamaza kabisa, nikakumbuka watoto wangu wote niliokuwa nimewapanga mstari miaka yote ile.

Halafu akatuambia tucheze rede. Rede hii hii ya mtaani, wawili wanarusha kutoka pande mbili, walioko katikati wanakwepa. Mipira tukatengeneza wenyewe asubuhi ile, kwa matambara, soksi kuukuu na majani makavu ya mgomba, ukikaza kamba ya katani vizuri inadunda kidogo na haiumizi mtu (watoto wanajua hii kazi kutuzidi, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wamezoea kusokota kwa matambara). Watoto wako 84 ni makundi 14 ya watu sita sita, kila kundi na mpira wake, wawili wanarusha wanne wanakwepa, kila baada ya dakika mbili filimbi wanabadilishana. Hakuna anayesubiri. Kukwepa, kurusha kwa shabaha, kudaka, kushirikiana, vyote vimo, na mabinti ambao kwenye soka wanajificha nyuma ya darasa utashangaa wanavyoongoza.

Kuhusu mkuu, usimwombe kwa mdomo korido wakati kengele inalia. Andika barua mapema, eleza vipindi vyako nani atashika, na uahidi ukirudi utaendesha somo la mfano mbele ya walimu wenzako kwenye jumuiya ya kujifunza, ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Mkuu anatakiwa hizo jumuiya zikae, ukimletea mada iko tayari unamrahisishia kazi. Na ukishaahidi, tekeleza wiki hiyo hiyo, ukichelewesha karatasi zinaingia kabatini na ndo basi.

Kama semina hii haina kutoka ukumbini kwenda uwanjani, baki. Subiri msimu wa UMITASHUMTA, pale kambini wamejaa walimu wa michezo wa mkoa mzima, usiku wanakaa nje ya mabweni wanapiga stori za nani kafungwa. Wewe beba daftari, muulize kila mmoja kitu kimoja, darasa lako kubwa unalifanyaje? Mimi nimejifunza kwenye hayo mabenchi mambo mengi sana ambayo ukumbini sikuyasikia. Ukitaka kozi ndefu yenye mizizi, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, sio mbali sana na wewe, ulizia.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni wa Kiswahili, nimepewa na michezo kwa vile ndiye mdogo kuliko wote ofisini. Sijawahi kusomea. Nianze na mafunzo gani? Mwalimu, Tanga.

JIBU: Nzuri mwanangu. Anza na huduma ya kwanza kabla ya mbinu yoyote ya mpira, na hapo sibabaiki. Msalaba Mwekundu wanafundisha, zahanati ya karibu nayo waombe mhudumu aje shuleni saa moja. Jua mtoto akianguka akazirai unamlaza vipi, akitoka damu puani ainamishe kichwa mbele sio nyuma kama tulivyofundishwa zamani, mwenye pumu dawa yake inakaa wapi. Waulize wazazi, andika majina ya wenye pumu, kifafa na sikoseli, karatasi ikae mfukoni mwako pamoja na filimbi. Huko Tanga joto halina mchezo, kipindi cha saa saba mchana mwombe mtaaluma akihamishie asubuhi, na ndoo ya maji ya kunywa ifike uwanjani kabla ya watoto.