Aliyevujisha na Aliyelipishwa: Maswali Yenu kuhusu Uharamia wa Muziki

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuulize lolote kuhusu wizi wa nyimbo na jitihada za kampuni za kurekodi za kuukomesha. Barua nyingi zilirudia jambo lile lile, nasi tumechagua nne.

SWALI: Mhariri, nimepata kusikia kwamba kampuni za muziki za Marekani ziliwashitaki watu wa kawaida, hata watoto, kwa kuchukua nyimbo kwenye intaneti. Je, ni kweli au ni maneno ya vijiweni? Kama ni kweli, ziliwapataje watu hao, na kesi hizo zilisaidia?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Tarehe 8 Septemba 2003 chama cha kampuni hizo, RIAA, kilifungua kesi 261 kwa mkupuo mmoja dhidi ya watu binafsi, na miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alimaliza shauri kwa kulipa dola 2,000.

Ili kuelewa walivyofika huko, yafaa kurudi nyuma kidogo. Napster, programu ya kubadilishana nyimbo kwenye intaneti iliyoanza mwaka 1999, ilizimwa mwaka 2001 baada ya kushindwa mahakamani, na kuizima kuliwezekana kwa sababu orodha ya nyimbo zote zilizokuwa zikibadilishwa ilipitia kwenye seva za kampuni yenyewe. Waliokuja baadaye walijifunza: programu zao ziliziunganisha kompyuta za watumiaji moja kwa moja, bila orodha ya kati ambayo mtu angeweza kuifungia. Mnamo Aprili 2003 jaji mmoja wa California alikataa kuwatia hatiani watengenezaji wa programu za namna hiyo, wakiwamo Grokster, na ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani iliugeuza uamuzi huo mwaka 2005, kampuni hazikuwa na subira ya kungoja miaka miwili. Zilimgeukia msikilizaji.

Kumpata hakukuwa kazi ngumu. Programu kama Kazaa ziliiacha wazi folda ya nyimbo ya kila mtumiaji ili wenzake wachote humo. Mawakala wa kampuni waliingia kama watumiaji wengine, wakaorodhesha nyimbo walizozikuta pamoja na anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta husika kwenye intaneti, kisha wakaiomba mahakama imlazimishe mtoa huduma wa intaneti kutaja jina la mteja aliyekuwa na anwani hiyo saa hiyo. Kasoro ya utaratibu huu ni kwamba anwani ya IP humtaja anayelipia ankara, wala haimtaji aliyekaa mbele ya kompyuta. Ndiyo maana alishitakiwa bibi mmoja wa Massachusetts ambaye kompyuta yake, ya aina ya Macintosh, haikuweza hata kuendesha programu aliyodaiwa kuitumia, na mwaka 2005 akashitakiwa bibi mwingine, wa West Virginia, aliyekuwa tayari kaburini.

Wengi walilipa dola elfu chache wakanyamaza, maana gharama ya wakili ingezidi hapo, na sheria ya nchi hiyo inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 150,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa kwa makusudi. Mama mmoja wa Minnesota alikataa kulipa. Alishitakiwa kwa nyimbo 24. Baraza la kwanza la mahakama, mwaka 2007, lilimtaka alipe dola 222,000. Kesi iliporudiwa mwaka 2009 zikawa dola 1,920,000. Mara ya tatu zikawa 1,500,000. Na mwisho mahakama ya rufaa, mwaka 2012, ikarudisha zile 222,000 za mwanzo, yaani dola 9,250 kwa wimbo ambao dukani mtandaoni ulikuwa ukiuzwa senti 99.

Sasa mweke mama huyo kando ya mtu mwingine. Katika miaka hiyo hiyo, kwenye kiwanda cha kuchapa CD huko North Carolina, kulikuwa na mfanyakazi aliyekuwa akitoka na diski nyuma ya bizimu kubwa la mkanda wake wa kiunoni, wiki kadhaa kabla hazijafika madukani. Alizipeleka kwa kundi la siri lililokuwa likizisambaza duniani, na albamu zilizopita mikononi mwake zinakadiriwa kuwa karibu 2,000. Alipokamatwa alikiri, akashirikiana na waendesha mashitaka, na akafungwa miezi mitatu. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa pakacha lilivuja kwa mtengenezaji mwenyewe, na mzigo akabebeshwa mpita njia aliyeokota.

Je, zilisaidia? Mahakamani, ndiyo, karibu kila mara. Dukani, hapana: mapato ya muziki uliorekodiwa yaliendelea kushuka mwaka hadi mwaka, na Desemba 2008 RIAA ilitangaza kuacha kuwashitaki watu kwa wingi, baada ya kesi zilizohesabiwa kwa makumi ya maelfu. Maoni yangu ni kwamba kilichowatoa watu kwenye Kazaa ni urahisi zaidi ya hofu. Duka la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003 likauza nyimbo milioni moja katika wiki yake ya kwanza, na Spotify, iliyozinduliwa Oktoba 2008 ikitokea Sweden, nchi ile ile iliyolea tovuti ya maharamia ya The Pirate Bay, ilifanya kusikiliza kihalali kuwa kwepesi kuliko kuiba. Mwaka 2023, kwa hesabu za IFPI, ambalo ni shirikisho la kimataifa la kampuni hizo, mapato yalifika dola bilioni 28.6, na theluthi mbili hivi zilitokana na kusikiliza kwa kutiririsha mtandaoni.

SWALI: Nina CD nilizozinunua kwa fedha zangu. Nikizihamishia kwenye simu ili nisikilize safarini, nami nimekuwa haramia?

JIBU: Inategemea sheria ya nchi uliyomo, na nchi hazikubaliani. Ujerumani ililitatua jambo hili tangu mwaka 1965 kwa kuruhusu nakala ya matumizi binafsi huku ikitoza ada kwenye mashine za kurekodia, fedha ambazo hugawiwa wenye haki, na nchi kadhaa zikafuata njia hiyo. Uingereza iliruhusu nakala ya namna hiyo mwaka 2014 bila kuweka ada yoyote, wanamuziki wakaenda mahakamani, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitengua ruhusa yenyewe. Kwa hiyo kitendo kile kile, kwa CD ile ile, kilikuwa kosa, kikawa halali kwa miezi michache, kisha kikawa kosa tena, ingawa sijapata kuona mtu akifuatwa nyumbani kwake kwa sababu hiyo.

Hofu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1981 chama cha kampuni za Uingereza kilieneza bango lenye picha ya kaseti iliyochorwa kama fuvu la maharamia juu ya mifupa miwili, likisema kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Nami ni mmoja wa wauaji hao, maana nimekaa kando ya redio jioni nyingi, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu, nikimwomba Mungu mtangazaji asiongee kabla wimbo haujaisha.

Lakini ukitaka kuona hofu ikimgeukia mteja mwaminifu, kumbuka yaliyotokea mwaka 2005. Kampuni ya muziki ya Sony BMG ilitoa CD ambazo, zikiingizwa kwenye kompyuta ya Windows, zilipachika humo programu ya kuzuia kunakili iliyojificha kabisa, mwenye kompyuta asiweze kuiona wala kuiondoa kwa njia za kawaida. Mtaalamu wa kompyuta Mark Russinovich aliigundua kwenye mashine yake mwenyewe na kuitangaza tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza kwa herufi fulani, na watengenezaji wa virusi hawakukawia kuzipa kazi zao herufi zizo hizo ili nazo zifichike. Kampuni ililazimika kuziondoa diski hizo madukani. Aliyeiba albamu mtandaoni alipata faili safi, na aliyeilipia akapata kompyuta iliyoachwa mlango wazi.

SWALI: Nilipakia kwenye YouTube video ya mwanangu akicheza, na kwa mbali palikuwa na wimbo redioni. Kabla sijamwonyesha mtu yeyote, nikapata taarifa kwamba wimbo huo una mwenyewe. Nani aliniona?

JIBU: Hakuna aliyekuona, dada, ni mashine iliyosikia. YouTube ilianza kutumia mfumo uitwao Content ID mwaka 2007. Mwenye haki huukabidhi mfumo nakala ya wimbo, nao hauhifadhi maneno wala jina peke yake, bali hutengeneza kitu kama alama ya kidole ya sauti: ni sauti za kiwango gani, nene au nyembamba, zinasikika kwa nguvu zaidi, katika sekunde gani, na zinafuatana vipi. Kila video inayopakiwa hupimwa na kulinganishwa na hazina ya alama hizo, ndiyo maana hata wimbo uliofunikwa na kelele za mtoto hutambulika. Baada ya hapo mwenye haki ndiye huchagua: video izuiwe, iachwe huku fedha za matangazo zikienda kwake, au ifuatiliwe tu kujua inatazamwa wapi. Wengi huchagua fedha, kwa hiyo mara nyingi video hubaki. Soma taarifa uliyopewa kwa makini kabla hujaifuta.

Hauko peke yako, pia. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania alipakia video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza jikoni wimbo wa mwanamuziki Prince. Mfanyakazi wa kampuni ya muziki ya Universal, aliyekuwa akipekua nyimbo hizo kwa macho na masikio yake, aliiweka kwenye orodha ya za kuondolewa. Mama huyo alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mwenye haki sharti ajiulize kwanza kama matumizi hayo yanaruhusiwa kisheria kabla ya kudai video ishushwe. Mtoto wa kwenye video alikuwa amekwisha kuanza shule.

SWALI: Mimi ni msanii mchanga. Je, bado niuogope uharamia, au umekwisha?

JIBU: Haujakwisha. Tovuti zinazogeuza video kuwa faili la sauti bado zipo. Kubwa mojawapo ilifungwa mwaka 2017 baada ya kushitakiwa, na nyingine zikachukua nafasi yake. Hata hivyo kwako wewe naona hatari ya karibu zaidi iko kwingine. Programu nyingi za kusikilizia hukusanya fedha kwenye fungu moja na kuligawa kwa kadiri nyimbo zilivyosikilizwa, kwa hiyo kila usikilizaji wa uongo unaotengenezwa na kompyuta humega sehemu ya msanii mwenye wasikilizaji wa kweli. Septemba 2024 waendesha mashitaka wa New York walimshitaki mtu mmoja kwa madai ya kuvuna mirabaha ya zaidi ya dola milioni 10 kwa njia hiyo, akitumia mamia ya maelfu ya nyimbo zilizotungwa na akili unde.

Basi akija mtu kukuuzia wasikilizaji ili wimbo wako upande chati, kataa. Programu hizo hutafuta usikilizaji wa aina hiyo na kuufuta, na mara nyingine huuondoa wimbo wenyewe. Hapo atakayebaki bila wimbo ni wewe, na aliyekuuzia atakuwa amekwisha kubadilisha namba ya simu.