Nguruwe wa Kuchoma Nyumbani: Ndimu Isubiri

SWALI: Ndugu Mhariri wa Mapishi, Ijumaa jioni nilinunua kilo mbili za nyama ya nguruwe katika bucha moja huku Kimara, nikailoweka usiku kucha katika maji ya ndimu sita, asali, kitunguu saumu na chumvi, na kesho yake nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Nje iliungua ikawa chungu, ndani ilikuwa mbichi, na ilipokuja kuiva ilikuwa kavu kama ganda la muhogo. Nyama ya baa huwa laini. Je, kuna kiungo cha siri nisichokijua?
Msomaji, Kimara

JIBU: Ndugu msomaji, siri haipo, na isitoshe kitimoto ya baa mara nyingi hukaangwa kwenye karai, kwa hiyo usiilinganishe na yako iliyokaa juu ya wavu. Kosa la kwanza ni ndimu. Tindikali yake huzifanya protini za juu ya nyama zijikaze kana kwamba zimekwisha kupikwa, na zikikaa humo usiku mzima hupoteza maji hata kabla moto haujawashwa. Kinachopaswa kulala na nyama ni chumvi, kwa sababu ndiyo inayopenya hadi ndani na kuisaidia nyama kushika maji yake, ilhali kitunguu saumu na tangawizi hubaki zaidi juu. Kwa kilo mbili, vijiko vitano vya chai vya chumvi laini vinatosha. Ndimu itie nusu saa kabla ya kuchoma, ingawa mimi huikamulia mezani tu. (Wapo watakaokushauri utumie papai bichi; nalo hulainisha kweli, lakini ukilisahau utakuta nyama imekuwa uji.)

Nyama ilale ndani ya jokofu, si juu ya meza, kwani joto la Dar es Salaam halina simile na chakula kibichi.

Asali nayo huungua upesi, hivyo ipake katika dakika tano za mwisho. Usitumie rojo lililolowekewa nyama mbichi, isipokuwa umelichemsha kwanza.

Sasa moto, ambao naona ndio uliokuponza zaidi. Mafuta ya nguruwe yakidondokea mkaa huwasha ndimi za moto, na ndimi hizo huunguza nje huku ndani kukiwa bado. Subiri mkaa ushike majivu meupe, uusukume wote upande mmoja wa jiko, kisha uweke vipande vya unene wa sentimita 3 hivi upande usio na mkaa, viive taratibu. Ukiona vimekaribia, vihamishie juu ya mkaa kwa muda mfupi ili vipate rangi. Mwenye kipimajoto aiepue nyama katikati yake ikifika nyuzi 63 za Selsiasi, aiache itulie dakika 3 kabla ya kuikata. Asiye nacho akate kipande kinene kuliko vyote, na akikuta ndani bado kubichi, airudishe motoni.

Usione haya kumwuliza mwenye bucha akuonyeshe muhuri wa mkaguzi wa nyama. Nyama mbichi ikiwa na vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele, hizo ni dalili za tegu: usiinunue, hata ukipunguziwa bei.